Maisha ya Kaka Yetu Taratibu, Aliyewafundisha Wapiga Mbizi Kutoa Oksijeni

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wapiga mbizi mliokuja na sare zenu za kazi, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye nyumbani tulimwita Kaka Mkubwa na kazini nyote mlimwita Taratibu, nami nimekubali kwa shingo upande, kwa sababu mtakayoisikia nikifika siku yake ya mwisho kazini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akasoma shule ya msingi kuanzia Januari 1974 hadi 1980, na sekondari kuanzia 1981 hadi 1984, ambako alianguka somo la hesabu mara mbili, jambo alilojitania nalo kila alipopiga kichwani hesabu za kina cha maji na dakika za kukaa chini, bila karatasi, na bila kukosea.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika kikosi cha wapiga mbizi wa bandari, kazi yao ikiwa kukwangua matumbo ya meli na kukaza bolti za nguzo za gati, ndani ya maji ya tope ambamo mtu huona kwa vidole, na huko ndiko alikopewa jina la Taratibu, kwa kuwa alikuwa wa mwisho kutoka majini kila siku, akipanda kidogo, akisimama, akipanda tena, wakati wenzake wameshavua na wako kwenye chai wanamcheka.

Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992 na shemeji yetu, mtunza maktaba, wakajaliwa binti mmoja ambaye leo ni muuguzi, na wavulana wawili mapacha.

Tarehe 9 Machi 1998 mwenzake, waliyeajiriwa naye siku moja, alikaa chini muda mrefu kisha akapanda haraka, akalalamika viungo vinamuuma, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya walimfunika blanketi, wakampa chai ya moto, wakamwambia ajilaze kidogo atakuwa sawa, akafia nyuma ya gari la mizigo, kichwa chake kikiwa mapajani kwa kaka yangu. Kaka hakulia kwenye msiba ule, alikwenda kusoma, akajifunza kwamba mtu akipanda haraka mwili wake hujaa mapovu ya gesi, na kwamba oksijeni safi ikitolewa mapema huanza kuyaondoa, na aliporudi mwezi Novemba mwaka huohuo alikuwa na cheti, kisanduku cha kijani chenye mtungi na barakoa, na ubishi ambao hatukuwahi kuuona kwake.

Kuanzia Januari 1999 alifundisha kila Jumatano katika stoo ya bandari, wanafunzi mia nne na kumi na wawili kwa jumla, akiwafunga macho kwa tambara ili waunge mtungi kwa kupapasa, akiwatoa nje wenye grisi mikononi kwa sababu grisi na oksijeni huwaka moto, na jioni akihamishia mazoezi sebuleni, hadi shemeji akalalamika kwamba kumbe aliolewa ili alazwe sakafuni na kuvikwa barakoa. Lakini somo alilolirudia mpaka tukawa tunamwigiza ni hili, kwamba mgonjwa akisema amepona usimwamini, usimvue barakoa mpaka umkabidhi kwa daktari, kwa sababu nafuu ile ni ya oksijeni, si yake.

Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, kaka alikuwa anamaliza zamu yake chini ya gati wakati mwenzetu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka, aliponaswa na kamba, kaka akabaki kuikata mpaka hewa yake ikamwishia, akapanda mara moja bila kusimama. Mwenzetu yule ni mzima, yuko hapa, na familia haimlaumu. Kaka alifika juu vidole vimekufa ganzi na bega linamuuma, nami, mpiga mbizi wa kikosi hichohicho, niliyekuwa na zamu ya kisanduku siku hiyo, nikamlaza, nikamvika barakoa, nikafungua mtungi, na gari likaitwa, yote kama alivyotufundisha.

Baada ya dakika ishirini maumivu yaliisha, akasukuma barakoa pembeni, akasema funga, mimi nimepona, mtungi huu ni wa darasa la kesho, ukiisha nitafundishia nini. Tulikuwa watano, wote tuna vyeti vyake, na kila mmoja alilijua jibu. Nikafunga, kwa sababu yeye ndiye mwalimu, na ni kaka yangu mkubwa, na tangu utotoni akishasema neno sina la kuongeza. Gari tukalirudisha. Alikunywa maji, akatutania, na baada ya dakika hamsini alijaribu kusimama na miguu ikakataa, tukaliita gari tena, akapewa oksijeni ya mtungi wa humo tukimpeleka hospitali yenye chumba cha mgandamizo wa hewa cha kuyeyusha mapovu yale, safari ya muda wa saa sita, akafariki Alhamisi tarehe 13 Juni, saa tisa alasiri, akiwa amebakiza siku moja kutimiza miaka hamsini na minane.

Karatasi niliyopewa imeandikwa kwamba aliugua ghafla kazini, shemeji aliandika hivyo kunisitiri, nami nimelikata neno hilo, kwa sababu hakuugua ghafla. Daktari aliniambia hakuna awezaye kujua kama angepona, alisema kwa wema, na haikunisaidia kitu, maana msamaha ninaoutaka uko kwa mtu aliyelala ndani ya jeneza hili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa siku mbili za kuhangaika naye, majirani mliolala nasi sakafuni, na wafanyakazi wenzake, hata sisi watano. Kaka, darasa la Jumatano halikufanyika, mtungi bado una nusu. Pumzika, kwa amani ambayo mimi sitaipata.