Ninian Haig na Mwandiko wa Bwana Carstairs

Ninian Haig ameitumikia Purves na Wenzake, wachapaji wa vitabu hapa Edinburgh, kwa miaka thelathini na minane na miezi minne. Anastaafu Jumamosi, tarehe 29 Septemba 1894, saa sita mchana. Wasifu huu ulistahili kuandikwa na mtu aliyemtendea mema. Chama cha wapangaji herufi kimeamua niuandike mimi, Ebenezer Tait, msahihishaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio, na nimeambiwa wazi kwamba hiyo ni adhabu yangu. Kosa langu mtalisoma humu humu.

Mimi ni mtu wa kushuku. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nikiona koma imekaa mahali pake vizuri mno, najiuliza nani kaiweka na kwa nini. Mke wangu hajasahau kwamba siku ya harusi yetu nilikisoma cheti cha ndoa mara mbili kabla sijatia sahihi, mchungaji akiwa amesimama ananisubiri.

Ninian aliingia hapa mwaka 1856, mtoto wa mchunga kondoo kutoka milima ya Lammermuir, na baada ya miaka michache hakuna aliyemfikia kwa kupanga herufi za madini ya risasi. Hajui Kigiriki hata neno moja. Lakini aliwahi kupanga kitabu kizima cha Kigiriki kwa kufuata maumbo ya herufi tu, na profesa mwenye kitabu akatuletea barua kali kuhusu makosa mawili. Tulipofungua mswada, makosa yote mawili yalikuwa ya profesa. Ninian alisema ameona si adabu kumsahihisha.

Mwaka 1872 akapewa Bwana Mungo Carstairs. Nasema akapewa, kwa sababu wenzake wote walimkataa. Bwana Carstairs anaandika kila kitu. Wiki moja ya Machi alituletea shairi la mto Tweed, sura ya historia ya wafalme wetu, habari za mizimu ya Perthshire, mawaidha kwa wacheza gofu, na tafsiri ya vita vya Wagiriki. Wiki hiyo hiyo gazeti moja lilitoa uhakiki usio na jina ukikisifu kitabu chake cha uvuvi, nami nina shuku zangu nani aliuandika. Kwa miaka mingi niliamini ana pacha aliyefungiwa darini. Huandika kwenye treni, huandika kandokando ya mto akiwa ameshika ndoana, na mwandiko wake ni kama kuku kapita na miguu yenye wino. Kila mswada ulipofika, sauti ilitoka chumba kizima: “Mpeni Haig!”

Sifa kubwa za Bwana Carstairs zimetokana na ngano za kale, juzuu tisa, alizokusanya Brittany, Denmark, milima ya Georgia na kwingineko. Mwanzoni mwa kila juzuu ameahidi kwamba maneno ni ya watu wenyewe, hakuongeza wala hakupunguza. Kwa watu wa fani yake ahadi hiyo ni kama kiapo. Mtu akibainika kutunga ngano na kuwasingizia wanakijiji, kwisha habari yake.

Masika ya mwaka huu Bwana Carstairs alitaka juzuu zote tisa zichapwe upya kwa pamoja, nami kwa mara ya kwanza nikazisoma mfululizo. Machale yakanicheza. Binti wa Brittany alikunywa uji wenye chumvi akiwa amesimama. Binti wa Denmark, uji wenye chumvi, amesimama. Nikafika Georgia, lahaula, na yeye yuko wima na bakuli lake! Nani mwingine duniani anakunywa uji hivyo kama si sisi watu wa nchi hii? Tena katika kila ngano ya namna hiyo mtoto aliyepotea anapatikana, na anayempata ni bibi kizee mmoja ambaye hata mfalme akiingia hainuki kitini.

Nikashuka ghalani, nikaifukua miswada ya zamani. Palipochapwa mistari kumi na tisa, mswada ulikuwa na mistari mitatu ya mikwaruzo. Nikaangalia ngano nyingine, hali ni ile ile. Nikajua kuna mtu ametia mkono wake, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Sasa, wageni waelewe desturi yetu. Mpangaji herufi akiondoka kwa mara ya mwisho, wenzake wote hugonga nyundo na vyuma vyao, tangu anapotoka kwenye meza yake mpaka akanyage barabarani. Kelele zake husikika hadi ng’ambo ya pili ya barabara. Ninian amewagongea wenzake kwa miaka thelathini na minane. Lakini kanuni ni kali: aliyebadilisha maneno ya mwandishi kwa makusudi hagongewi. Anavaa koti lake na kutoka kimya, kila mtu kamgeuzia mgongo.

Mimi nilichukua ile miswada nikaipeleka kwenye chama. Sikwenda kwa Ninian kwanza. Kutoka mlangoni kwangu hadi mezani kwake ni hatua tisa.

Kikao kilifanyika Jumanne ya wiki iliyopita, na Bwana Carstairs akaitwa. Alichelewa, kwa hiyo mwenyekiti wetu, Dougal Imrie, akaanza na Ninian.

“Ndugu yangu, haya maneno ni ya Bwana Carstairs au ni yako?”

“Mengine yangu.”

“Mengine ndiyo mangapi?”

“Kwenye ngano kumi na moja hivi. Na si yangu hasa, ni ya marehemu mama.”

“Sasa kwa nini, jamani, mtu mzima kama wewe?”

“Dougal, mashine inasubiri ukurasa. Mtoto yuko msituni, mbwa mwitu wamemzunguka, halafu maneno yanageuka mikwaruzo. Nimeisogeza karatasi kwenye taa, nimeigeuza juu chini, nimekodoa mpaka machozi yakatoka. Hapasomeki. Ningemwacha mtoto huko?”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. “Si ungemuuliza mwenyewe?” nikasema.

“Nilimuuliza, mwaka wa kwanza. Akanijibu kwa barua. Ninayo nyumbani, Ebenezer. Isome wewe kama unaweza!”

Hapo ndipo Bwana Carstairs alipoingia, viatu vina tope la mtoni. Imrie akamweleza. Nikamwekea mswada wa ngano ya Brittany mbele yake, nikamwomba atusomee mistari mitatu ya mwisho ili tuilinganishe na iliyochapwa. Akavaa miwani. Akaivua. Uso ukamwiva.

“Siwezi.”

“Mwandiko si wako?”

“Ni wangu. Lakini hayo si maneno, Bwana Tait. Nilikuwa nimesahau ngano inaishaje, na daftari nimelipoteza. Nikachorachora hadi mwisho wa karatasi. Nilijua Haig atapata cha kuweka.”

“Na hizi nyingine?”

“Zote hivyo hivyo. Mara ya kwanza ulikuwa uvivu. Baadaye nilitaka tu kuona atamalizaje.”

Sasa lazima niwaambie kwamba Ninian ana miaka hamsini na miwili tu. Anastaafu kwa sababu macho yake yamekwisha. Daktari amemwambia amebakiwa na jicho moja la kumwongoza njiani, na hilo nalo asilitegemee sana.

“Hapakuwa na kitu?” Ninian aliuliza.

“Hapakuwa na kitu.”

“Miaka ishirini na miwili nakodolea karatasi zako nikitafuta maneno yasiyokuwepo?” Hakupaza sauti. “Ungeniambia tu, Bwana. Ningekutungia mchana kweupe, na macho yangu ningebaki nayo.”

Bwana Carstairs, aliyeandika vitabu hamsini na kitu, akaifuta miwani yake kwa ncha ya koti. Nilimwonea hasira, nami nikajionea aibu. Nilikuwa nimetumia miezi mitano kumshuku mtu mmoja, na siku zote hizo sikumshuku yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye jalada.

Imrie akaisoma kanuni kwa sauti, neno kwa neno. Akasema kanuni inakataza kubadilisha neno la mwandishi, na kwamba pasipokuwa na neno, hakuna neno lililobadilishwa. Mikono ikainuka yote, pamoja na wangu. Ninian atagongewa.

Bwana Carstairs naye ameagizwa kuiondoa ile ahadi yake, na chapa mpya itataja ngano kumi na moja kuwa zimesimuliwa na Alison Haig wa Lammermuir na kuandikwa na mwanawe Ninian. Amekubali. Prufu ya ukurasa huo nitaisoma mimi, mara tatu, kwa sababu simwamini.

Ninian anahamia kwa dada yake Lauder, na huko kuna wajukuu wa dada wasiopungua saba wanaomngoja kwa hadithi. Kwa niaba ya Purves na Wenzake, tunamshukuru kwa mikono yake myepesi, kwa uvumilivu wake, na kwa watoto wote aliowatoa msituni. Tunamwombea afya, kiti karibu na moto, na mwanga wa kutosha katika jicho lililobaki.

Lakini tangu ile Jumanne hajanisemesha. Ananipita mlangoni kama vile hapana mtu. Wasahihishaji hatuna vyuma na kwa desturi hatugongi, kwa hiyo nimemwomba Imrie aniazime nyundo. Ninian, najua utasomewa wasifu huu na mtu mwingine, basi na nikuambie: ulikuwa rafiki yangu, nami nilipaswa kutembea zile hatua tisa. Jumamosi nitasimama karibu na mlango wa barabarani, na nitagonga mpaka ugeuke.