Ukuta Usiolia

Zima hiyo redio, Breki, usogeze kiti. Na wewe dada yake, uuguzi wako uweke kando kidogo, acha kunishika mkono kama unayetafuta mapigo. Yapo, bado yapo, yatatosha kwa maneno niliyo nayo. Mlango wa uani uacheni wazi nimsikie mjukuu wangu akicheza. Wiki nzima mmekaa sebuleni mkinong'ona mkidhani nimelala, mkasahau kwamba chumba hiki kimegawanywa kwa mbao nyembamba. Baba yenu, mwashi wa miaka arobaini na minane, anakufa nyuma ya mbao! Nimesikia yote. Nimekusikia, Breki, ukisema, "Mzee akishagoma, hata trekta haimng'oi." Nikamsikia dada yako akijibu, "Basi tusubiri tu," na alijua anasubiri nini. Sikukasirika, wanangu. Anayengojea mvua hajalitukana jua.

Jambo lenyewe ni moja: tuhamie mji wa milimani, au tubaki hapa. Kwa miaka mitatu nimesema hapana bila kupima, na mwashi anayejenga bila kupima ni mpiga ramli. Leo nitalipima mbele yenu.

Hapa tuna majirani wanaotujua hata kwa kikohozi. Tuna kaburi la mama yenu, si mbali kwa mwenye magoti. Breki ana lori lake na barabara tambarare; huko juu barabara zimejikunja kama utumbo wa mbuzi, na breki zake, sote tunazijua, ndizo zilizompa jina. Huko maharage hutiwa jikoni asubuhi na jioni bado yanagonga sufuria, maana maji ya milimani huchemka kabla hayajapata moto wa haja. Nguo hazikauki, na baridi huingia kwenye viungo bila hodi. Tena huko hatuna mtu. Ukianguka njiani watakuinua, ila hakuna atakayejua akupeleke nyumba ipi. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi methali hiyo nimeifanya ngao, nikajificha nyuma yake.

Lakini hapa tuna kiwanda cha saruji pia. Saruji hiyo imewalisha na kuwasomesha, sitaitukana. Ila mnaona jinsi vumbi lake linavyotua juu ya mapaa, na mvua ikinyesha mara moja tu linaganda, bati linakuwa jiwe. Kifua cha mjukuu wangu kimekuwa bati hilo. Ana miaka sita na anapumua kwa mluzi. Daktari alikwambia wewe, binti yangu, mama yake, mbele yangu, nimekaa kwenye benchi na kofia mkononi: mpandisheni juu, kwenye hewa isiyo na vumbi, zikipita mvua mbili zaidi, misimu miwili, mapafu yale hayatarudi. Mvua moja imeshapita.

Na huko juu kuna hospitali inayomtaka dada yako kazini, Breki, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba kuna na nyumba. Usikohoe, Breki, umesikia vizuri. Vyumba viwili na jiko, vya mawe, na hati iko chini ya godoro hili nililolalia. Mmekuwa mkihesabu kodi za watu, kumbe baba yenu ana nyumba. Sasa ulizeni kwa nini niliificha, nami nitajibu, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe kimeshavua viatu mlangoni.

Nilikuwa na mdogo wangu. Mama yenu alimjua; ninyi nimewanyima hata jina lake la utani. Tulimwita Timazi, kwa sababu alisimama wima kama uzi wa mwashi wenye risasi ya kuning'inia, na kwa sababu ulimi wake haukujua kupinda. Tulipanda milimani pamoja tukiwa vijana, kazi za ujenzi zilikuwa nyingi, na tukajijengea nyumba kwenye mteremko. Mji ule nyumba zimepandana, paa la huyu liko usawa wa kizingiti cha yule. Kila siku saa nane mchana ukungu hushuka. Hauji kama moshi, unakuja kama mtu anayejua anakokwenda. Unapita uchochoro kwa uchochoro, unaingia chini ya mlango, unakaa nanyi mezani. Ndani yake sauti huhama. Mtu akikohoa barabarani bondeni, unamsikia sikioni. Mkeo akikuita yuko chumba cha pili, unamsikia yuko chini ya ardhi.

Nyuma ya nyumba tulihitaji ukuta wa kuzuia udongo wa mlima. Mwashi mmoja mzee wa kule, mtu wa meno mawili na maneno machache, alipita akatutazama, akaniuliza, "Macho ya ukuta yako wapi?" Sikumwelewa. Akasema, "Acha matundu chini, maji yatoke. Ukuta usiolia hupasuka." Nikacheka. Sisi wa tambarare ukuta wenye tundu ni aibu ya fundi! Timazi hakucheka. Alisema, "Kaka, mzee anaujua mlima wake." Nikamjibu mbele ya vibarua, "Hapa fundi ni nani, mimi au wewe?" Akashika mwiko wake akaendelea, na tukaupandisha ukuta laini, mzima, bila tundu hata la sindano. Nikaandika jina langu kwenye lipu yake kwa msumari.

Mvua ya pili, ukuta ukaota tumbo. Timazi aliliona, akanionyesha, na siku hiyo tuligombana vibaya mno, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya wanangu. Saa nane ukungu ukashuka. Mimi nimenuna mezani, chai mbele yangu. Yeye akatoka kwenda kuutoboa ule ukuta peke yake. Nikamsikia akiniita, "Kaka, niletee nyundo." Sikuinuka. Akaita tena, bila hasira, sauti ya kazi tu, "Kaka, niletee nyundo." Nikapuliza chai. Mara ya tatu hakumaliza. Mlima ulishuka kwa sauti ndogo sana, wanangu, kama mtu mnene anayekaa kitini.

Tulimfukua. Tukamzika huko huko. Na kesho yake saa nane ukungu ulipoingia chini ya mlango, nikiwa nimekaa pale pale, nikasikia nyuma yangu, "Kaka, niletee nyundo." Si kilio, si laana. Laiti angelaani! Siku ya tatu nikafunga mlango, nikampa ufunguo mshonaji wa nyumba ya chini, nikateremka, na nimekaa huku tambarare tangu hapo.

Mtasema ni dhamiri yangu iliyokuwa ikizungumza nami. Nami nilisema hivyo, mpaka mshonaji alipoanza kuniletea habari za wapangaji. Wa kwanza alikuwa mwalimu na mkewe, miezi miwili wakahama, na wakati wa kurudisha ufunguo mke akauliza, "Hivi yule jirani anayeazima nyundo kila siku anakaa wapi?" Wa pili alikuwa fundi viatu, mtu wa mizaha. Akasema, "Mwenzetu anaomba kwa adabu, kwa nini asipewe?" Akaiweka nyundo yake dirishani kabla ya ukungu. Ukungu ulipoondoka akaikuta pale pale alipoiweka, ila kichwa kimejaa vumbi la chokaa, na mpini una joto, kama uliotoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Alihama wiki ile na nyundo akaiacha. Tangu hapo hakuna aliyepanga.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Kwa hiyo niliposema baridi, haikuwa baridi. Niliposema kaburi la mama yenu, haikuwa kaburi. Niliogopa kwamba mtapanda, mtaikuta nyumba yangu, na mtamsikia. Nikaweka kifua cha mtoto upande mmoja na aibu yangu upande wa pili, na miaka mitatu aibu ikawa nzito zaidi. Hilo ndilo deni langu kwenu. Nisameheni, na hasa wewe, binti yangu, uliyekesha na mtoto ukimsikiliza akivuta pumzi huku mimi nimegeukia ukutani.

Kilichonigeuza ni hiki. Mwezi uliopita, jua la mchana, hakuna ukungu, hakuna hata wingu, mjukuu wangu alikuwa anacheza hapo uani na vifuniko vya chupa. Akaacha mchezo, akaja hadi kitandani, akaniuliza kama anayeuliza saa: "Babu, nani anataka nyundo?" Nikamuuliza amemsikia wapi. Akaonyesha hapa, mguuni pa kitanda.

Kumbe miaka yote nilikuwa nalinda mlango ambao mgeni alishaupita. Basi hoja ya kubaki iliyokuwa nzito kuliko zote imekwisha uzito. Kaburi, majirani, maharage, mteremko, vyote hivyo pamoja havifikii pumzi moja ya mtoto. Nimepima. Nendeni.

Sasa shikeni haya. Nyumba ya juu ni ya dada yako, Breki, kwa sababu ya mtoto, na usinung'unike. Zana zangu zote ni zako. Kipande cha ukuta nyuma ya jiko bado kimesimama, hakijaanguka, na bado ni kipofu kama nilivyokiacha. Usimlaze mtoto ndani kabla hujakitoboa. Tundu moja kila hatua mbili, chini, usawa wa muundi wa mguu, lielekee nje, nyuma yake ujaze kokoto. Anza kwenye kona, usianze kwenye tumbo. Ukungu ukishuka usikimbie, endelea na kazi. Na ukisikia unaombwa nyundo, usijibu kwa mdomo. Nyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ushike upande wa kichwa, umpe mpini. Ikichukuliwa, iachilie. Usivute. Ngoja irudi, hata ikichelewa. Halafu sema kwa sauti, asikie vizuri, maana mimi sikuwahi kulisema: "Kaka yako alikosea. Wewe ulikuwa sahihi." Maji yakianza kutoka ukutani, yaacheni yatoke, mkae mnywe chai.

Ngojeni... Pumzi inapanda ngazi.

Mshonaji mpeni kitambaa kizuri, ameshika ufunguo kuliko nilivyoshika undugu. Mwashi mzee atakuwa alishakufa. Ulizieni kaburi lake, mkasimame hapo kidogo, na vichwa wazi. Ninyi wawili msigombane mezani. Mkigombana, basi, mwenzako akiita, inuka. Nuna huku umeinuka. Hasira haikatazi miguu.

Na jambo la mwisho. Mnangoja nife ndipo mhame. Ninakataza. Mkinizika kwanza mtakaa msibani, mtapokea wageni, na mvua ya pili itawakuta hapa. Lori liko mlangoni. Pakieni leo mchana. Breki, gia namba moja mlima wote, hata kuku wakikupita. Mimi mnionee huruma baadaye. Muuza mkaa wa jirani atanipa maji. Seremala wa kona ameshanipima. Alikuja kusalimia, macho yake yakawa mabegani kwangu muda wote, nami nikajinyoosha asikosee. Wanaume wa mtaa watanibeba. Kaburi langu halihitaji mikono yenu, mtoto anaihitaji.

Mleteni mtoto. Njoo, mama, njoo bibi yangu mdogo. Weka sikio lako hapa... unasikia? Na babu naye ana mluzi. Wangu hauna dawa, wako unayo, iko juu huko. Mungu akupe kifua kipana. Akupe miguu ya mteremko. Muwe na radhi zangu, nyote, ninyi na watakaotoka kwenu, mkilala na mkiamka, mkipanda... mkipanda na mkishuka.

Msipige simu kuuliza hali yangu. Sitaki mwulize. Siku mtoto atakapolala usiku mzima, kimya, bila mluzi, hapo ndipo mpige. Acheni iite. Hata kama... hata kama hakuna wa kupokea, wanangu, acheni iite.