Neno Ambalo Papa Valère Likunde Hakulisema Mbele ya Miti

Papa Valère Likunde, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, alimsingizia mume wangu. Alisema mbele ya wavuvi wote, sanduku la maiti likiwa bado wazi, kwamba Bavon Bolamba alianguka kutoka kwenye miti ya maporomoko kwa sababu alikuwa amelewa lotoko, pombe yetu kali. Haikuwa kweli. Papa Valère alijua kwamba haikuwa kweli.

Naanzia hapo kwa sababu yeye mwenyewe alitaka nisome mimi. Watoto wake walikuwa wamekwisha kumwomba mwalimu mmoja wa parokia, mtu wa maneno mazuri. Lakini marehemu alimwambia mke wake, Mama Alphonsine: «Ursule ndiye atasoma. Wengine watanipaka mafuta.» Mimi ni Ursule, mdogo wake wa tumbo moja. Shule sikusoma. Maneno haya niliyasema kwa mdomo, na binti yake Gracia akayaandika; leo ananinong'oneza kila mstari, nami nausema kwa sauti yangu. Alipokuwa akiandika alisimama mara moja tu, kwenye mistari ya kwanza, akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia aandike.

Papa Valère alizaliwa Kisangani tarehe 11 Mei 1961, katika nyumba ya baba yetu kando ya maporomoko, mtoto wa kwanza kati ya watoto sita. Baba yetu alikuwa mvuvi wa kikapu kama baba yake. Mama yetu aliuza samaki katika soko la kati. Miaka ya uasi, wazazi walimkimbiza msituni akiwa mgongoni, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyo hakulia hata siku moja katika safari ile, akangoja mpaka walipofika nyumbani ndipo akalia juma zima.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967 kwa wamisionari, akapata cheti mwaka 1973. Alifika darasa la tatu la sekondari. Baba yetu alipofariki mwaka 1976, aliacha masomo ili wadogo wake wapate kula. Wavulana waliomfuata walisoma. Mimi, msichana, sikupelekwa. Yeye hakuona hilo ni jambo jema, na jioni alikuwa akinifundisha kuandika kwa mkaa kwenye ubavu wa pirogi, mtumbwi wetu. Nilijua kuandika URSULE. Tulipofika kwenye jina la ukoo, pirogi iliuzwa, na masomo yangu yakaishia hapo. Alipenda kuisimulia hadithi hiyo kwenye karamu, na watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Mwaka 1977 alipanda miti kwa mara ya kwanza. Kwa wageni waliokuja kutoka mbali kumzika, niseme kidogo. Miti yetu ni magogo marefu yaliyosimamishwa ndani ya mashimo ya mwamba, katikati ya maji yanayokimbia, na hakuna msumari. Yanashikwa na kamba za msituni tu. Vikapu vikubwa hutundikwa hapo, na mtu huvipandia kuvitoa. Kila mahali huitwa kwa jina la mwenye mahali: pa Bavon, pa Hilaire, pa Valère. Kamba zinaoza. Kila mwaka maji yanaposhuka mwezi wa saba, kamati ya wavuvi inapaswa kukagua kila fundo, na kubadilisha kamba zilizochoka kabla maji hayajapanda.

Kwa miaka michache alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipoporwa mwaka 1991, alirudi kwenye miti na hakuiacha tena. Katika vita vya mwezi wa sita mwaka 2000, mabomu yalipokuwa yakianguka juu ya mji, alivusha watu mpaka upande wa Lubunga kwa pirogi, akarudi, akavusha wengine. Watu walimwambia aache sasa, amefanya vya kutosha. Aliwajibu: «Mutu anakaa pale ngambo ananiita kwa jina. Niende kulala namna gani?» Mimi na watoto wangu tulikuwa katika pirogi hiyo. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Mwaka 2006 wavuvi walimchagua kuwa rais wa kamati. Alikuwa kiongozi mwema kwa muda mrefu. Mwaka 2008 kijana mmoja, Jérémie, alishikwa akitoa samaki katika vikapu vya watu. Vijana walitaka kumpiga na kumtupa majini. Papa Valère alisimama mbele yake na kusema asiguswe. Kisha akafanya kama babu zetu walivyofanya: samaki akapikwa katika majani, liboke moja, likafunguliwa juu ya mwamba mbele ya miti na mbele ya watu wote. Jérémie akataja kosa lake kwa sauti, na wale aliowaibia wakala pamoja naye katika jani moja. Mmoja wao alinung'unika kwamba mwizi huyu ndiye anachagua kipande cha kichwa. Watu wakacheka, na mambo yakaisha. Siku ile Papa Valère alituambia: «Ukikosea mbele ya watu, utaomba mbele ya watu. Ya nyumbani, iko ya mke na bwana.» Leo Jérémie ni mmoja wa waliobeba sanduku.

Mwaka 1984 alimwoa Mama Alphonsine, wa Bengamisa. Alikwenda kujitambulisha kwa baiskeli, amefunga samaki wabichi nyuma, kilomita zote hizo, juani. Alipofika, baba mkwe alitoka, akasimama mbali kidogo, akamwambia: «Kijana, harufu yako imefika asubuhi, wewe umefika saa sita.» Alirudi mjini bila kupewa hata maji. Mwezi uliofuata alileta samaki wa moshi, na akapewa kiti. Walizaa watoto watano. Mama Alphonsine ameishi naye miaka arobaini na moja, na sijamsikia akimsema vibaya nje.

Sasa nifike kwenye kamba.

Mwaka 2017, maji yaliposhuka, Papa Valère aliona kwamba kamba nyingi zimechoka. Alifunga uvuvi mpaka kila fundo likaguliwe. Ilikuwa lazima na ilikuwa sawa. Lakini samaki walikosekana sokoni, na watu wakakasirika. Wanawake wakamwita Rais Pondu, kwa sababu tulikuwa tunakula majani ya muhogo kila siku. Watoto wakaimba jina hilo njiani. Kwenye mkutano mtu alimuuliza: «Rais, leo tuko na pondu ya mafuta ao ya maji?» Watu walicheka mpaka wakapiga magoti. Yeye hakucheka. Mume wangu Bavon peke yake ndiye alisimama na kusema kwamba rais amefanya vizuri, na kwamba pondu haijaua mtu.

Jina hilo lilimuuma Papa Valère kuliko mabomu. Mwezi wa saba wa mwaka 2019 aliona tena kamba zimeoza. Safari hii hakufunga uvuvi. Bavon, ambaye kama mimi alimwita yaya, kaka mkubwa, alimwambia mbele ya kamati: «Yaya, kamba ya kwangu imekufa. Funga miti, hata wakuite pondu, hata wakuite sombe, majani ni yaleyale.» Papa Valère akamjibu: «Wewe unataka kuniongoza?» Mkutano ukaisha.

Siku ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2019, maji yakiwa makubwa, kamba ilikatika Bavon akiwa juu. Mwili wake ulipatikana mbali, mto unakoteremkia, upande wa Simi-Simi. Bavon alikunywa lotoko, sikatai, Jumapili mchana pamoja na rafiki zake. Siku ya kupanda hakunywa hata mara moja, na kamati yote ilijua. Lakini watu walikuwa wameanza kuulizana nani alipaswa kubadilisha kamba. Ndipo kwenye kilio, juu ya mwamba mbele ya miti, Papa Valère aliposimama kando ya sanduku na kusema kwamba shemeji yake alikuwa na lotoko tumboni. Alisema kwa sauti ya huzuni. Kaka akisema hivyo juu ya mume wa dada yake, nani atabisha?

Kwetu, mtu aliyepanda miti akiwa amelewa, jina lake linaondolewa mahali pake. Tangu siku ile hakuna mtu anayesema pa Bavon. Wanasema pa kamati. Mwana wangu Josué, ambaye alikuwa apande baada ya baba yake, anaendesha toleka, anabeba abiria kwa baiskeli kati ya mji na Kapalata. Njiani bado wanamuuliza kama amekunywa kabla ya kushika usukani. Anacheka nao. Akifika nyumbani hali chakula.

Miaka mitano sikuingia katika nyumba ya kaka yangu. Watu wa kanisa walikuja kuniambia nisamehe. Niliwauliza nisamehe kitu gani, maana yeye hakuwa amesema kwamba kuna kosa.

Papa Valère alianza kuugua mwisho wa mwaka 2024. Miguu ilivimba, kisha tumbo. Mwezi wa pili mwaka huu alilazwa hospitalini, na daktari akasema figo zimechoka. Alituma niitwe. Nilimkuta na Mama Alphonsine, na Papa Hilaire, makamu wake katika kamati.

«Ursule,» alisema, «kamba ilikuwa imeoza. Niliiona.»

«Kamba gani, yaya?» Nilijua, lakini nilitaka aitaje.

«Ya Bavon.»

«Na lotoko?»

«Lotoko haikukuwa. Ni mimi niliisema.»

Papa Hilaire alikuwa anatazama dirishani. Nilimuuliza kama amesikia. Alisema: «Mama Ursule, mugonjwa anasema mingi.»

«Huyu hasemi mingi,» Mama Alphonsine alimwambia. «Anasema moja.»

Kaka yangu alilia na kuniomba nimsamehe. Nilimwambia: «Uliisema mbele ya miti na watu. Kuisema kwangu, mimi nilijua tangu zamani. Isemee kule ulikoisemea.» Alijibu kwamba akipata nguvu atakwenda. Nikamuuliza itakuwaje asipopata. Alisema: «Hilaire iko. Hilaire atasema.» Papa Hilaire aliinuka. Alichukua kofia yake akaaga.

Alitoka hospitalini mwezi wa nne. Kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye mwamba si mbali. Vijana wangeweza kumbeba kwenye kiti, na Jérémie alijitolea. Papa Valère alisema atakwenda Jumapili. Jumapili ilipofika, kamati ilikuja mapema. Mama Alphonsine alikuwa anapika lituma, ndizi za kuponda, nyuma ya nyumba, akawasikia. Walimwambia: «Rais, ukifungua hii jambo, wataulizia sisi wote. Sote tuliona ile kamba. Unataka tufe pamoja nawe?» Hakwenda Jumapili ile. Jumapili iliyofuata alisema mvua. Iliyofuata alisema miguu.

Mwezi wa saba alinitumia liboke nyumbani. Mama Alphonsine ndiye alilileta, samaki mzuri, majani yamefungwa kwa mikono yake. Aliniambia, kama wifi kwa wifi: «Semeki, yaya yako anasema mule hii samaki, ataridhika.» Nilimuuliza yeye Valère yuko wapi. Alisema amelala. Nikamuuliza watu wako wapi. Aliniwekea liboke mapajani. Nilirudisha liboke bila kulifungua.

Najua jinsi mlivyonisema kwa jambo hilo. Mlisema Ursule ana moyo wa jiwe, amekataa samaki wa mgonjwa. Kuna aliyesema sokoni kwamba nitakula majani matupu siku nitakapokufa. Lakini nauliza mbele yenu leo: Jérémie aliiba samaki, akapelekwa kwenye mwamba. Rais aliiba jina la mtu, na samaki wake akaletwa jikoni kwangu, mlango umefungwa. Je, sheria ilikuwa ya vijana tu?

Mama Alphonsine alipomrudishia liboke, Papa Valère alimwambia mke wake: «Ursule iko na haki.» Hakula siku hiyo. Tangu hapo hakutoka tena kitandani. Alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa tisa mchana. Siku moja kabla, alimwita Gracia na mama yake, ndipo akasema mimi nisome. Labda alitaka iwe ndiyo njia yake ya kwenda kwenye mwamba. Kama ni hivyo, alinituma mimi kubeba mzigo wake, na hakuniuliza. Nimeubeba mpaka hapa, kwa sababu ni kaka yangu, na kwa sababu ni wa Bavon pia.

Papa Valère ameacha mjane, Mama Alphonsine, watoto watano, Patricia, Trésor, Gracia, Fanny na Bonheur, wajukuu kumi na mmoja, ndugu wawili, na mimi.

Ameacha pia deni ambalo si lake peke yake. Papa Hilaire, ambaye sasa ni rais, na watu wa kamati walioona ile kamba, wanadaiwa kusimama juu ya mwamba, mbele ya miti na wavuvi wote, na kusema kwamba Bavon Bolamba hakuwa amelewa, kwamba kamba ilioza na rais na kamati walijua. Mahali pale paitwe tena pa Bavon. Mimi nadaiwa kumsamehe kaka yangu, na sikatai deni langu. Siku watakayosema, nitakula nao katika jani moja. Leo siwezi kusema nimesamehe, maana neno lenyewe bado liko midomoni mwa watu walio hai, nao wameketi mstari wa mbele.

Kaka yangu apumzike. Amani yake iko kwa Papa Hilaire na kamati.