Kila Siku Kunanyesha

Basi la Kyuso lilikuwa linakaribia Mwingi, na Rashid, mwenye duka mjini humo, alikuwa amejifanya amelala ili asikie vizuri mazungumzo ya kiti cha mbele. Msichana aitwaye Nusaiba alikuwa akimweleza mama mmoja, mkulima wa ndengu, kwamba Ijumaa anaenda Uskoti kuishi na mumewe, Bilal.

"Umwache mama yako, ukakae na watu hujui? Si huyo Bilal arudi huku!" mama alifoka.

"Kazi yake iko huko, mama. Na mimi nimechoka kumwona bwanangu kwa simu." Halafu sauti ikamshuka. "Kitu naogopa ni mvua tu. Anasema inanyesha karibu kila siku."

Mama akatazama nje, ndengu zilizokaukia shambani kabla ya kutoa maua. "Kila siku? Na hawaiombi?"

"Haombi mtu. Wanalalamika tu."

"Ai! Mwanangu, Ijumaa ni mbali. Kwani hakuna ndege ya kesho?"

Basi likasimama. Rashid, ambaye miavuli ilikuwa imemdodea dukani tangu mvua igome, aliamka ghafla. "Dada," akasema, "mwavuli unao?"