Jino la Mjomba na Askari Wasiorudi Kambini

Benchi letu limebanwa kati ya kinyozi na cherehani ya mjomba wangu, na kila jioni linabeba watu kuliko linavyoweza. Jioni hiyo mjomba alikuwa ameshika shavu. Fizi zimemvimba, zinatoka damu, na jino la mbele, lile analokatia nyuzi tangu sijazaliwa, linacheza. Kinyozi ameazima koleo kwa fundi baiskeli. Nilipofika na begi langu la chuo, kahawa imeshamiminwa na wanabishana nani amshike kichwa.

— Acheni! Tangu lini kinyozi anang'oa meno?

— Mheshimiwa kafika, akasema Waziri, mtu asiye na wizara wala kazi, ila majibu anayo.

— Mwanangu, jino limechoka, akanung'unika mjomba. Hata mswaki nimeacha kulipigia, lipumzike.

— Umeacha?

— Nikisugua, damu. Nimsugue mgonjwa?

— Kafanya la maana, akadakia Kinyozi. Hata mimi, kichwa chenye kidonda sikipitishii wembe.

Hapo nikapandwa na hasira.

— Nisikilizeni! Ule ukoga kwenye shina la jino ni vijidudu vilivyojenga mji. Kinga ya mwili inatuma askari wake wapigane navyo. Ndiyo maana fizi inavimba, inakuwa nyekundu, inatoka damu. Ukoga ukibaki, na askari wanabaki. Vita ikirefuka, inakula mpaka mfupa unaolishika jino!

Waziri akaruka.

— Kumbe wanaobomoa ni askari wetu wenyewe!

— Mimi nilijua, akasema Kinyozi. Askari akikaa sana mahali pamoja, lazima aharibu.

— Basi tuwanyime chakula, akashauri Waziri. Mjomba wako afunge kula, wakimbie wenyewe.

— Wakimbilie wapi? Watahamia kwenye magoti! Unadhani wazee magoti yanawauma bure?

— Ndiyo nasema, ling'olewe jino, wakose uwanja wa vita!

— Kwa hiyo nyumba ikiingia panya, mnabomoa nyumba? nikafoka.

— Tukishabomoa, akajibu Waziri kwa utulivu, panya watakaa wapi?

Benchi zima likacheka. Kinyozi akafuta koleo kwa shuka la wateja. Mjomba akafumba macho, akafungua mdomo.

Wakati huo dada mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake alikuwa amesimama tu, akingoja tumalize.

— Samahani kaka zangu. Huo ukoga wenyewe, nani anautoa?

Mjomba akafumbua macho, akafunga mdomo. Akamkabidhi dada gauni lake, akafunika cherehani.

— Mwanangu, kliniki ya meno bado wapo?

— Wapo, mjomba.

— Nipeleke.

— Wataling'oa tu! akapaza sauti Kinyozi.

— Waling'oe wasiling'oe, akasema mjomba akivuka barabara, wale wataanza kwa kuosha.