Slatko ya Radenko Imekuwa Uji

Kijijini kwetu Brezovac kijiwe kiko mbele ya duka la Vidoje la kutengeneza saa, ambalo halijatengeneza saa yoyote tangu watu waanze kutazama muda kwenye simu. Kuna benchi, jiko dogo la gesi na birika la kahawa, na kila mtu ana mahali pake alipopasugua mwenyewe. Vidoje tunamwita Saa Mbovu, maana saa ya mkononi mwake haijawahi kusema kweli. Tihomir ni Waziri, kwa sababu anaongea kama mtu mwenye wizara. Mimi wananiita Redio, na sitaki maswali. Wa nne ni Radenko, hana jina la kijiweni, ni mpole mno, ukimtania anakushukuru. Mwezi huo wa Juni barabara ilikuwa imejaa magari ya watu wa mjini wenye ndoo, wanapanda mlimani kwenye shamba la Gordana kujichumia stroberi, na sisi kazi yetu ilikuwa kuwasema.

Siku hiyo Radenko alikuja na chupa aliyoifunga kwa kitambaa, akaiweka katikati ya benchi kama anayemlaza mgonjwa mbele ya madaktari. Akaifunua. Ndani mlikuwa na slatko, au kitu kilichokusudiwa kuwa slatko. Slatko ya kweli ni stroberi nzima nzima zimelala kwenye shira, unaziona moja moja. Hii ilikuwa uji mwekundu.

— Hii ya tatu, jirani zangu, — akasema. — Nachuma mwenyewe kwa Gordana, mgongo umekufa. Nikizipika zinapondeka zote.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu habari ya Jumapili tuliijua wote. Binti yake Slavica alikuwa anakuja kutoka Vienna na mchumba wake, na wazazi wa mchumba, mara ya kwanza. Sasa mgeni akiingia nyumba ya kwetu, hata hajaketi vizuri, analetewa sinia: slatko, kijiko, glasi ya maji. Anakula kijiko kimoja, anakunywa maji, ndipo mazungumzo yanaanza. Hiyo ilikuwa kazi ya Desanka, mke wa Radenko, na Desanka tulimzika Februari. Ilibaki chupa moja tu aliyopika yeye, na Radenko hakuthubutu kuifungua. Alisema akiifungua itaisha.

Waziri akashauri anunue ya dukani. Tulimtazama mpaka akajirudi mwenyewe.

Basi kila mtu akatoa yake. Saa Mbovu alishikilia kwamba stroberi huchumwa kabla ya jua, zikiwa bado na usingizi, zisijue zinapelekwa wapi. Radenko akasema alichuma alfajiri.

— Kwa saa ya nani? — akauliza Waziri.

Yeye Waziri lawama zote aliwatupia watu wa mjini. Wanapita kwenye matuta wakipiga picha, wanashika tunda, wanaliacha, anakuja mwingine naye analishika, na tunda lililoshikwashikwa hivyo linakosa msimamo. Nikamwuliza kama ndicho kilichompata yeye jeshini. Mimi nilisema kosa ni mwiko, slatko haikorogwi, sufuria ndiyo inayotikiswa. Radenko akanionyesha mkono, umevimba kwa kutikisa.

Waziri akauliza kama sukari ilikuwa nzuri.

— Ni ile ile ya Desanka, kabatini kwake, — Radenko akajibu. — Mwenzangu ugonjwa ulimchanganya mwishoni. Baada ya mazishi nimefungua kabati, kando ya sukari nimekuta chupa ya chokaa. Chokaa, jirani, pamoja na vyakula! Iliniuma sana. Sikumwambia hata Slavica. Nikaitoa, nikaipaka miti ya plamu.

Saa Mbovu akaweka birika tena juu ya jiko, akazua kwamba kengele mpya ya kanisa inaendeshwa na umeme, inatetemesha kila sufuria inayochemka kijijini. Waziri hakutaka kushindwa. Akasema tunda lina hisia, stroberi hizi zimepata habari kwamba zitaliwa na watu wa Vienna, zimeona bora zijimalize zenyewe. Alikuwa bado anaipanua hoja hiyo mpaka enzi za wafalme wao, gari la Belgrade likasimama mbele yetu.

Akashuka mama wa makamo, ndoo mkononi, akauliza njia ya kwa Gordana. Alisema anataka kujifunza kupika jemu, hajawahi maishani. Waziri akamwelekeza kwa mikono yote miwili, akampoteza kabisa. Mama akaiona chupa, akauliza ina nini, na Waziri akamhutubia kesi nzima, na kengele na Vienna, ila watu wa mjini akawaruka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Radenko.

— Pole sana, mzee wangu. Kwani marehemu alikuwa akifanyaje?

Swali lenyewe hilo tu. Tumekula slatko ya Desanka tangu tuna nywele, tukaisifu, tukalamba vijiko, na hapakuwa na hata mmoja wa kumjibu.

— Sijui, — Radenko akasema. — Akipika, mimi huwa niko hapa.

Mama akamwuliza kama hakuona hata kitu kimoja. Radenko akafikiri. Akasema akirudi kula mchana alikuwa akikuta beseni mlangoni, lina maji meupemeupe, na Desanka humwambia akayamwage mbali na maua. Naye huyamwaga nyuma ya banda. Kila Juni, miaka yote ile. Alidhani ni maji ya kufulia.

Saa Mbovu akashusha kikombe. Akakiri kwamba hata yeye humwagishwa beseni kama hilo. Mimi la kwetu nalimwaga nje ya ua. Waziri akakohoa, akasema la kwake analimwaga karibu na zizi la nguruwe, na kwamba hakuwahi kuona umuhimu wa kuuliza.

— Maji meupe ya nini? — akauliza mama.

Tulitazamana kama wanafunzi wasiosoma. Waziri akasimama, akasema amekumbuka jambo nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona anakimbia. Alirudi bila kofia, anahema, na hakuwa na hotuba.

— Ni chokaa. Wanaziloweka kwanza kwenye maji ya chokaa, zinakaza, halafu wanaziosha sana ndipo wanapika. Mke wangu ananiuliza kama nina homa.

Radenko alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye miti yake ya plamu, iliyokuwa imepakwa nyeupe mpaka kiunoni, vizuri kuliko miti yote ya Brezovac.

— Aliiweka kando ya sukari, — akasema taratibu. — Ndipo mahali pake.

— Ndipo, jirani, — nikamjibu.

— Basi hakuchanganyikiwa. Alikuwa na akili zake zote, na mimi hapa nikimhurumia bure.

Akalia pale pale benchini, bila kujificha, na uso wake ukiwa na furaha niliyokuwa sijaiona tangu Februari. Nilimshika bega. Saa Mbovu akammiminia kahawa iliyobaki, ikatoka machicha matupu, naye akayanywa akashukuru. Mama wa Belgrade akafungua mlango wa gari, akamwambia apande amwonyeshe njia, maana ile ya Waziri hakuielewa. Wakaondoka na ndoo moja.

Jumapili nilikuwepo, nilipeleka viti. Radenko alitoka na sinia mwenyewe, na kwenye bakuli stroberi zilikuwa nzima. Mama wa mchumba akala kijiko kimoja, akanywa maji, akafumba macho kidogo. Akamwomba Slavica amfasirie swali: hii inapikwaje?

Radenko akaketi, akaweka mikono magotini.

— Mke wangu, — akaanza, — chokaa anaiweka kando ya sukari.