Basi la Wageni Halijafika

SHANGAZI: Haloo, nani mwenzangu?

MHESHIMIWA: Unazungumza na Kurugenzi Kuu ya Mambo ya Kale, Kumbukumbu na Heshima ya Taifa. Tafadhali simama wima. Kwa niaba ya wakurugenzi wote, walio hai na waliostaafu, tunayo furaha isiyo na kifani kukutaarifu kwamba mji wako mdogo, wenye historia ndefu kuliko barabara zake, umeteuliwa —

SHANGAZI: Hii namba ni ya baba yangu.

MHESHIMIWA: Kurugenzi imeazima simu.

SHANGAZI: Mheshimiwa.

MHESHIMIWA: Shikamoo, Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Huko shule ya bweni huu upuuzi mnauitaje, mdahalo? Babu yako hajambo?

MHESHIMIWA: Hajambo sana. Sijawahi kumwona hajambo namna hii.

SHANGAZI: Basi kata simu, nasubiri watu. Nimesimama mlangoni mwa gereza tangu asubuhi kama mfungwa aliyesahauliwa na wenzake, na hivi viatu nilivyovaa nilivinunua kwa ajili ya harusi ya mama yako, vidole vyote vimekufa ganzi —

MHESHIMIWA: Basi halijafika?

SHANGAZI: Nani kakwambia kuna basi?

MHESHIMIWA: Wewe. Jana, wakati wa kula.

SHANGAZI: Jana sikula nyumbani. Nilikuwa huku nikifagia selo na kutia mafuta makufuli.

MHESHIMIWA: Basi itakuwa juzi. Shangazi, nina swali dogo la kitaaluma. Mji wetu uliwahi kuwa na mfalme?

SHANGAZI: Haukuwahi.

MHESHIMIWA: Hata mdogo?

SHANGAZI: Hata wa kuazima. Tuna gereza la zamani, mnara wa saa, daraja la mawe na soko la chumvi. Vitu vinne. Nimetembeza wageni humo miaka yote hii na hakuna aliyelalamika.

MHESHIMIWA: Na kama angekuwepo, angekuwa mtu wa namna gani? Mkali? Mwenye ndevu?

SHANGAZI: Wewe mtoto, leo sina kifua cha utani. Hivi unajua leo ni siku gani kwangu?

MHESHIMIWA: Najua, ila —

SHANGAZI: Hujui. Hii kampuni ya mabasi inaleta wageni kwa kujaribu. Kiongozi wao akiuona mji akaupenda, tunaingia kwenye safari zao za kila wiki. Asipoupenda, halmashauri wanachukua jengo langu wanajaza mifuko ya saruji. Mwenyekiti kanitamkia hivyo hadharani, huku anatafuna njugu. Hakuacha hata kutafuna.

MHESHIMIWA: Saruji kweli?

SHANGAZI: Saruji. Ndani ya selo zangu. Na basi lilitakiwa liwe hapa kabla jua halijawa kali, na sasa kivuli changu kimeishia chini ya miguu na barabara ni nyeupe, hakuna hata baiskeli. [mtandao unakwaruza] Haloo?

MHESHIMIWA: Nipo.

SHANGAZI: Hizo kelele za nini hapo? Watu wanapiga makofi.

MHESHIMIWA: Redio.

SHANGAZI: Redio ya babu yako imekufa tangu mvua za mwaka jana.

MHESHIMIWA: Imefufuka.

SHANGAZI: Na huyo anayesema sogea kidogo nami nipige picha?

MHESHIMIWA: Huyo ni... tangazo.

SHANGAZI: Mheshimiwa, toka nje ya geti.

MHESHIMIWA: Kuna jua, Shangazi.

SHANGAZI: Toka. Umetoka? Haya, niambie unaona nini.

MHESHIMIWA: Barabara.

SHANGAZI: Na juu ya barabara?

MHESHIMIWA: Kuna chombo.

SHANGAZI: Chombo gani.

MHESHIMIWA: Kirefu. Cheupe. Kina madirisha mengi.

SHANGAZI: Basi langu linafanya nini kwa baba yangu?

MHESHIMIWA: Nadhani walipotea njia.

SHANGAZI: Njia panda kuna kibao. Umekipaka rangi wewe mwenyewe wiki hii, kama unavyokipaka kila likizo, na kila likizo nakusifia kwa watu, mtoto wa kaka yangu ana mwandiko kama wa mashine. Kina mishale. Watapoteaje?

MHESHIMIWA: Kibao kwa kweli kinaonekana vizuri. Wameniambia wengi.

SHANGAZI: Nilikwambia uandike vile vitu vinne.

MHESHIMIWA: Na niliviandika. Vyote, kwa herufi zilizonyooka. Sikuruka hata kimoja.

SHANGAZI: Halafu?

MHESHIMIWA: Nafasi ikabaki.

SHANGAZI: Nafasi ikabaki.

MHESHIMIWA: Chini pale. Pengo kubwa, Shangazi, kibao kizima kilikuwa kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele. Na rangi nyekundu ilikuwa bado imejaa mkebe, ingeganda bure —

SHANGAZI: Ukaandika nini?

MHESHIMIWA: Kkkhhh... cha... kkkhh... zi...

SHANGAZI: Usijifanye mtandao. Nasikia unakwaruza kwa mdomo.

MHESHIMIWA: Kiti cha Enzi cha Mfalme.

SHANGAZI: Nini?

MHESHIMIWA: Na mshale.

SHANGAZI: Wa kwenda wapi?

MHESHIMIWA: Uani kwa Babu.

SHANGAZI: Wewe. Wewe. Ni kile kiti chake cha kinyozi?

MHESHIMIWA: Ni cha chuma. Kina mikono miwili. Kina pedali, ukiikanyaga mtu anapaa taratibu kama mfalme hasa. Nilitegemea atakuja mjinga mmoja tu, tumcheke mimi na Babu, yaishe. Sikujua wenye basi watasoma mpaka mstari wa mwisho. Wakasema daraja na mnara vipo kila mji, kiti cha enzi hakipo.

SHANGAZI: Gereza lenye pingu zake zote, hilo nalo lipo kila mji?

MHESHIMIWA: Mimi nilikuwa upande wako.

SHANGAZI: Wanafanya nini hapo sasa?

MHESHIMIWA: Wamepanga foleni. Wanakaa mmoja mmoja, wanapandishwa, wanapigwa picha, wanateremshwa. Ndiyo maana nimepiga. Wameanza kuuliza mfalme aliitwa nani na alikufaje, na mimi nimeshamwua kwa homa, halafu kwa vita, na mama mmoja amegundua.

SHANGAZI: Waambie waondoke. Sasa hivi.

MHESHIMIWA: Hawawezi.

SHANGAZI: Kwa nini hawawezi?

MHESHIMIWA: Kiongozi wao yuko kwenye kiti.

SHANGAZI: Si ateremke.

MHESHIMIWA: Amefungwa shuka shingoni.

SHANGAZI: Shuka la nini?

MHESHIMIWA: Babu anamnyoa.

SHANGAZI: Baba ananyoa?

MHESHIMIWA: Alikuwa amekaa kivulini anawatazama. Huyo kiongozi alipopanda, Babu akainuka, akazunguka nyuma yake, akamshika kichwa akakigeuza hivi na hivi. Akasema, nani kakuharibu namna hii? Basi. Ikawa hivyo.

SHANGAZI: Mkasi kautoa wapi? Mkasi niliuficha. Niliutia ndani ya birika bovu, juu ya kabati.

MHESHIMIWA: Alikwenda moja kwa moja kwenye birika.

SHANGAZI: Mkono wake?

MHESHIMIWA: Mkono umefanya nini?

SHANGAZI: Unatetemeka, wewe, nijibu. Nisije nikasikia mgeni kakatwa sikio.

MHESHIMIWA: Hautetemeki. Asubuhi kikombe kilikuwa kinatetemeka, chai imemwagika mpaka kwenye kandambili zake. Lakini mkasi umetulia tuli. Mimi mwenyewe nimeshangaa.

SHANGAZI: Amefika wapi?

MHESHIMIWA: Kushoto amemaliza. Kulia bado.

SHANGAZI: Mwambie afanye haraka.

MHESHIMIWA: Nilimwambia. Akasema nikiongeza neno, anayefuata kwenye kiti ni mimi. Halafu hawezi kufanya haraka kwa sababu anasimulia.

SHANGAZI: Anasimulia nini?

MHESHIMIWA: Mambo ya gereza. Kumbe alikuwa anawanyoa wafungwa. Anasema kulikuwa na mmoja kwenye selo ya mwisho, ile yenye dirisha dogo, alikuwa haongei na mtu yeyote, hata askari. Ila akinyolewa tu anaimba. Wageni wamenyamaza wote. Hata dereva amezima redio yake.

SHANGAZI: Hayo kawaambia hao?

MHESHIMIWA: Ndiyo anaendelea.

SHANGAZI: Nimemuuliza mimi hayo mambo. Tangu nianze kazi hapa namuuliza. Nampelekea chakula, namuuliza. Namfulia, namuuliza. Kila siku ananiambia amesahau.

MHESHIMIWA: Labda ni kwa sababu hukuwahi kukaa kwenye kiti.

SHANGAZI: [funguo zinagongana mkononi]

MHESHIMIWA: Nilikuwa natania.

SHANGAZI: Hiyo honi ya nini?

MHESHIMIWA: Ya dereva. Hilo ndilo lingine nililotaka kukwambia. Anasema njia ya mlimani haipitiki giza likiingia, kwa hiyo kichwa kikiisha tu wanaondoka.

SHANGAZI: Wanakuja huku.

MHESHIMIWA: Wanaondoka kabisa, Shangazi. Wanasema mji wameshauona.

SHANGAZI: Wameona nini? Wameona ua wa baba yangu na kamba ya nguo. Nipe huyo kiongozi.

MHESHIMIWA: Babu amemwinamisha kichwa. Hasikii.

SHANGAZI: Basi waambie wewe. Weka spika, niwe nasikia. Waambie ukweli wote.

MHESHIMIWA: Naweza kuanza na dibaji? Kwamba Kurugenzi, baada ya uchunguzi wa kina —

SHANGAZI: Nitakuja hapo bila viatu.

MHESHIMIWA: Sawa. Sawa, Shangazi. [mbali kidogo na simu] Samahanini, wageni. Samahanini, naomba dakika. Hiki si kiti cha enzi. Mfalme hakuwepo, wala hakufa kwa homa. Mstari ule wa chini kwenye kibao niliuandika mimi kwa mzaha. Kiti ni cha babu yangu, huyu hapa, ni kinyozi. Mlikokuwa mnakwenda ni kwenye gereza, ndiko alikokuwa akinyoa wale wafungwa wa hadithi yake. Mwenye funguo ni shangazi yangu. Yuko mlangoni anawasubiri tangu asubuhi. Mkiondoka bila kufika, gereza litageuzwa ghala la saruji na yeye atakosa kazi, na kosa litakuwa langu. Ni hayo tu.

SHANGAZI: [kwa sauti ya chini] Wanasemaje?

MHESHIMIWA: Babu ameacha mkasi hewani. Ananiangalia.

SHANGAZI: Anakuangaliaje?

MHESHIMIWA: Kama anayepima kichwa.

SHANGAZI: Vizuri. Na kiongozi?

MHESHIMIWA: Ameinua uso. Anauliza ile selo yenye dirisha dogo bado ipo?

SHANGAZI: Mwambie ipo. Mwambie nimeifagia jana, na ufunguo ninao mkononi.

MHESHIMIWA: Ipo, mzee, imefagiwa. [mtandao unakwaruza] Shangazi, dereva anabisha. Anasema hakuna muda.

SHANGAZI: Mwambie dereva —

MHESHIMIWA: Kiongozi kashamwambia. Siwezi kurudia alichomwambia, wewe ni mtu mzima. Wanapanda. Wanapanda kweli. Kiongozi kapanda na shuka lake. Na Babu naye anapanda.

SHANGAZI: Baba? Anakuja huku? Huku hajakanyaga tangu gereza lifungwe.

MHESHIMIWA: Ana mkasi na kitana mfukoni. Anasema upande wa kulia ataumalizia hukohuko, kwenye ile selo.

SHANGAZI: Kavaa koti?

MHESHIMIWA: Kavaa lile la vifungo vya shaba. Mimi niende nao?

SHANGAZI: Wewe baki hapo. Fagia nywele, mwaga maji, usiguse kitu kingine. Usiguse hata brashi. Nasikia injini.

MHESHIMIWA: Wameondoka. Wamekwenda kugeuzia njia panda. Shangazi, umenisamehe?

SHANGAZI: Kaa kimya kwanza. Naona vumbi.

MHESHIMIWA: Ni wao?

SHANGAZI: Ni wao. Wanashuka kilima. Baba kakaa mbele, kiti cha dereva msaidizi, mkono nje kama waziri. Wamesimama. Nikate, watu wanashuka. Karibuni, karibuni sana, poleni na safari. Taratibu hapo kwenye ngazi, Baba, nishike. Karibu, mama. Nini? Samahani, hebu rudia, mama.

MHESHIMIWA: Shangazi, hapa salio la Babu linakaribia kuisha, kwa hiyo naomba niage —

SHANGAZI: Usikate. Huyu mama ananiuliza, tukimaliza gereza, nitawapeleka saa ngapi kwenye Pango la Binti Aliyegeuka Chumvi. Anasema wameliona sasa hivi kwenye kibao, upande wa nyuma, wakati basi linageuza. Wenzake wote wanalitaka.

MHESHIMIWA: Nyuma kulikuwa kweupe kote, Shangazi, na rangi ilikuwa bado ipo.

SHANGAZI: Mheshimiwa. Wananiangalia wote. Ni pango la nani?

MHESHIMIWA: Si pango. Ni stoo ya mkaa ya jirani, na hajui, na nasikia kuna basi jingine linapiga honi getini kwake, na—